Saiba zionyeshe majina kamili ya faili

Mwezi wa Juni, saiba za Kawangware na Riruta hujaa watu wanaokimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Huyu ana fomu ya P9 ya mwajiri kwenye simu, yule ana CV na vyeti ndani ya flashi iliyokwisha kupita kompyuta nyingi. Flashi inachomekwa, faili inabofywa mara mbili, kazi inaendelea.

Hatari iko hapo kwenye kubofya. Windows huangalia herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina. Ikikuta .docx huita Word, ikikuta .exe haiiti chochote, kwa kuwa faili yenyewe ni programu na huanza kazi papo hapo. Kusoma barua na kukabidhi kompyuta kwa programu ngeni ni mambo mawili tofauti kabisa, ila kidole kinafanya lile lile. Tena tangu Windows 95, herufi hizo hufichwa mtumiaji asipobadilisha mpangilio. Barua.pdf.exe huonekana kama Barua.pdf, na aliyeiunda huivisha picha ya PDF.

Mei 2000, kirusi kilichoanzia Ufilipino kilienea duniani kwa jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi waliona TXT tu. Bunge la Uingereza lilibidi lizime barua pepe zake.

Huku mitaani adui ni flashi. Microsoft ilizuia flashi kujiendesha zenyewe katika Windows 7, na mwaka 2011 ikapeleka zuio hilo kwenye XP na Vista, lakini kidole cha mteja kilibaki. Virusi vya shotkati huficha folda ya mteja, huweka shotkati yenye jina lile lile, na mteja akibofya huanza kazi kisha hufungua folda halisi ili asishuku kitu. Dalili ni kimshale kidogo kwenye kona ya picha.

Faili iliyopakuliwa kutoka intaneti hutiwa alama ili Windows ionye kabla ya kuifungua. Flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT32, usioweza kubeba alama hiyo. Onyo hupotelea njiani, na anayeumia ni yule asiye na kompyuta yake. Fomu ya Excel ya ritani nayo hutegemea makro, yaani programu ndogo zilizomo ndani ya faili, ambazo tangu 2022 Microsoft huzizuia kwenye faili zitokazo intaneti. Hivyo serikali inamzoesha mwananchi kuondoa kinga.

Microsoft ingepaswa kuonyesha majina kamili tangu kompyuta inapowashwa mara ya kwanza. Kabla haijafanya hivyo, wenye saiba wanaweza: katika Windows 11, wafungue File Explorer, waingie View, kisha Show, waweke tiki kwenye File name extensions. Shotkati bado hazitaonyesha herufi zake, kwa hiyo wachague pia mwonekano wa Details, ambapo safu ya Type huziandika wazi kuwa Shortcut.