Matairi ya "misimu yote": ni misimu ya nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nami niseme neno juu ya matairi ya magari madogo ya mbio, yale ambayo vijana wetu huyaita magari ya spoti. Mimi ni mkazi wa mjini Babati na ninaendesha gari la namna hiyo mwaka mzima, masika na kiangazi. Si gari la kutembelea Jumapili. Ndilo linalonipeleka Arusha, Singida na Dodoma katika shughuli zangu, na ndilo wanalopanda watoto wangu.

Magari haya si haba tena hapa kwetu. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilometa 251, ifunguliwe rasmi mwezi Aprili, 2018, mtu aweza kutoka Arusha akafika Dodoma kwa kupitia Babati bila kukanyaga vumbi. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini lami nzuri imeleta mwendo, na mwendo unadai matairi. Hapo ndipo penye kasoro ninayotaka kuieleza.

Ukienda kununua tairi siku hizi, muuzaji hakuulizi unaendesha gari gani wala unapita njia ipi. Anakuambia tu, "Chukua hili, mzee, ni ol sizoni, la misimu yote." Neno hilo limekuwa kama dawa inayotibu kila ugonjwa. Karibuni muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja, alinionyesha matairi manne yaliyotumika kutoka Japani, akayasifu kwamba ni ya misimu yote na meno yake bado ni marefu. Nilipoyapangusa vumbi nikakuta ubavuni yameandikwa STUDLESS. Nikamshukuru, nikaondoka zangu.

Ndugu wasomaji, tairi lenye neno hilo ni tairi la theluji. Zamani huko Japani madereva walitumia matairi yenye misumari ya chuma wakati wa baridi. Misumari ile ilikwangua lami na kujaza mavumbi mijini, hata mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Badala yake viwanda vikaeneza matairi yasiyo na misumari, ya mpira laini sana, yenye mikato midogo midogo mingi juu ya meno ili yashike barafu. Mpira ule umetengenezwa ubaki laini katika baridi ya kugandisha maji. Ukiuleta kwenye lami ya Magugu saa nane mchana mwezi wa Februari, unalegea, meno yanayumba, gari linachelewa kusimama, na tairi linalika upesi. Meno yake marefu yanamvutia mnunuzi, lakini si meno ya kwetu.

Sasa tulitazame hilo neno lenyewe, "misimu yote". Nauliza: ni misimu ya nani? Neno limetoka katika nchi zenye majira manne. Huko Ulaya dereva ana matairi ya kiangazi na matairi ya baridi, naye huyabadilisha mara mbili kwa mwaka. Wataalamu husema kwamba hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu na kupoteza mshiko. Wengine, kwa kuepa usumbufu na gharama ya seti mbili, hununua tairi la kati na kati, lisilo bora kabisa kiangazi wala bora kabisa katika theluji, ila linavumilia yote mawili. Hilo ndilo tairi la misimu yote kwa maana yao. Ni tairi la heshima kwa mtu anayeamka asubuhi akakuta theluji mlangoni.

Sisi hapa Babati misimu yetu ni mingine. Kuna mvua, kuna vumbi, kuna jua kali, na kuna baridi ya Juni na Julai ambayo huhitaji sweta, si tairi la theluji. Kwa hiyo lile ambalo Mzungu huliita tairi la kiangazi, lililo jipya na lenye mifereji mizuri ya kutoa maji, ndilo kwetu tairi la mwaka mzima. Sisemi kwamba la misimu yote halifai hata kidogo. Mtu ambaye kila siku huacha lami na kuingia njia za vijijini aweza kulinunua, nalo litamsaidia kiasi kwenye tope. Lakini ajue anachonunua. Herufi M+S ubavuni maana yake ni tope na theluji, nazo huwekwa na kiwanda chenyewe. Ile picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo inayoonyesha kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji na kufaulu. Kwa mwenye gari la mbio hapa kwetu, picha hiyo si sifa ya kulipia fedha zaidi.

Pengine msomaji atasema haya yanahusu magari yote. Ni kweli, lakini gari la mbio lina hatari zake. Injini yake ina nguvu, liko chini, matairi yake ni mapana na ubavu wake ni mfupi. Tairi pana hushika vizuri lami kavu. Katika maji yaliyotuama barabarani, tairi hilo hilo huelea mapema kuliko jembamba, hasa likiwa limelika. Tairi likishaelea, usukani unakuwa mwepesi na breki haina kazi, kwa sababu mpira haugusi tena barabara. Tena nyingi kati ya gari hizi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye maji, mkia ndio unaotangulia.

Na ubavu mfupi, ambao vijana wanaupenda kwa sura, ndio unaopasuka kwenye mashimo na kwenye kingo za matuta. Niwape hesabu ndogo. Tairi la 215/45R17 lina upana wa milimita 215, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 45 ya upana huo, yaani kama milimita 97. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa milimita 113 hivi. Ukiyapima kwa jumla, matairi haya mawili hutofautiana kimo kwa asilimia moja tu, kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi. Lakini la pili lina rimu ndogo zaidi kwa inchi moja na mpira mwingi zaidi wa kupokea shimo. Ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu saizi zote mbili, na rimu ya inchi 16 haigusi breki, mimi nachagua ile ya ubavu mrefu.

Wanaodhani kwamba gari la mbio halina heshima bila matairi mapana wakumbuke mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1971 yalishindwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z, gari la mbio hasa. Mashindano yale yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza. Datsun ile ilipouzwa kwa watu wa kawaida ilitoka kiwandani na matairi ya upana wa milimita 175 tu. Hakuna aliyeicheka.

Baada ya aina na saizi kuna umri. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, mna tarakimu nne. Zikisomeka 2419, tairi lilitengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, nawe uliache hapo hapo. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa stoo. Viwanda vikubwa hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitano ya matumizi, na lisitumike kabisa likipita miaka kumi tangu kutengenezwa, hata kama meno yapo. Ushauri huo unahusu pia lile la spea, ambalo wengi hulikumbuka siku ya pancha tu.

Halafu kuna alama ya mzigo na mwendo. Ukiona 91V, namba 91 maana yake ni kilo 615 kwa kila tairi, na herufi V ni mwendo usiozidi kilometa 240 kwa saa. Herufi T ni 190, H ni 210. Sipendekezi mtu yeyote akimbie hivyo, kwani katika maeneo ya makazi sheria yetu ni kilometa 50 kwa saa. Lakini herufi ya juu huonyesha tairi lililoundwa kuvumilia joto, na joto ndilo linalopasua matairi. Usishuke chini ya alama iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako.

Meno nayo yanapimika. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vijivimbe vinavyoonyesha milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Mimi sisubiri hapo. Yakifika milimita 3 kabla ya masika, nabadilisha, maana mvua ndiyo inayoumbua kipara. Mwenye fedha za matairi mawili tu na ayafunge nyuma. Najua wengi huyafunga mbele kwa kuwa ndiko kwenye usukani, lakini mbele likiteleza dereva bado ana nafasi ya kupunguza mwendo akalirudisha. Nyuma likiteleza, gari hugeuka likamtazama alikotoka. Wala usifunge aina nne tofauti katika gari moja kama anayekusanya stempu.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, si kwa kupiga teke. Wanaopunguza upepo ili kupita kwenye tope wakumbuke kuujaza tena kabla ya kupanda lami. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kuwaka joto kila linapozunguka.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba matairi mapya ni ghali na maisha ni magumu. Sikatai. Lakini nawauliza wenzangu: mtu aliyepata fedha za kununua gari la mbio, akaongeza redio kubwa, vioo vyeusi na rimu zinazong'aa, anakosaje fedha za kitu pekee kinachogusa barabara? Sehemu ya tairi inayokanyaga lami haizidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyobeba gari, dereva, abiria, na pia usalama wa mwenye baiskeli anayepita kando akitoka sokoni. Asiyeweza gharama ya matairi yake ni afadhali auze gari hilo anunue dogo la kawaida, ambalo matairi yake ni ya bei nafuu.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba tairi zuri linashinda kila kitu. Tarehe 3 Desemba, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika Katesh, na ndugu zetu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Barabara ile ile tunayopita kwenda Singida iligeuka mto wa tope. Siku kama hiyo tairi sahihi ni lile lililoegeshwa nyumbani. Kusubiri saa mbili hadi maji yapungue si woga.

Mwisho nina maombi matatu. Kwanza, wauzaji wa matairi wamweleze mnunuzi ukweli: tairi ni la aina gani, limetoka wapi na lina umri gani. Pili, ndugu zetu wa Usalama Barabarani, wanapokagua magari katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, wasiishie kwenye taa na breki. Wasome na tarehe za matairi, na wenye matairi ya theluji waelezwe hatari yake. Tatu, mafundi wa gereji na wazibaji wa pancha, ambao ndio wanaoaminiwa na vijana, wajifunze alama hizi na kuwafundisha wateja wao. Ni kazi ya dakika tano na kitambaa cha kupangusia vumbi.

Masika hayana hodi. Kila mwenye gari na aende leo akasome ubavu wa matairi yake.

Dereva wa Siku Nyingi,
Babati, Manyara.