Mtamba wa Mchungaji



Mama mmoja wa Binza, mkoani Simiyu, ametuletea suala ambalo tumeona lisijibiwe kwa mistari miwili ya faragha, kwani nyumba zenye suala kama lake ni nyingi. Kijana wake wa miaka 19 alichukuliwa kuchunga ng'ombe kwa makubaliano ya mdomo: mwaka mmoja wa kazi, chakula na malazi kwa tajiri, na mwaka ukitimia apewe mtamba. Mwaka umetimia. Tajiri anasema ndama wawili walipotea wakati wa masika, basi mtamba amekwenda na hasara hiyo, na kijana arudi kwao. Mama anauliza: tumshitaki, tusamehe, au tumwachie Mwenyezi Mungu?

Anaongeza jambo moja lililotuuma: tajiri na kijana huyo huswali safu moja siku ya Ijumaa.

Tuanze na hilo la kumwachia Mwenyezi Mungu, maana ndilo linalotumika sana kuwanyamazisha wanyonge. Kudai haki hakupingani na subira. Kusamehe nako ni jambo tukufu, ila msamaha ni wa mwenye haki peke yake. Wazee hawawezi kusamehe kwa niaba ya kijana, wala imamu, wala mama mzazi. Kijana akitaka kusamehe kwa hiari yake, hewala. Akishurutishwa katika kikao ili "udugu usivunjike", huo si msamaha, ni dhulma ya pili iliyovikwa kanzu.

Ajira ya uchungaji ina heshima kubwa katika dini yetu. Nabii Musa (a.s.) alichunga kwa mkataba kule Madyan, na Suratul Qasas inatueleza kwamba muda ulitajwa waziwazi: miaka minane, na miwili zaidi ni ihsani yake mwenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) katika ujana wake alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira. Naye ametufundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka, na katika hadithi kudsi aliyoipokea Imamu Bukhari, anayemtumikisha mtu, akaipata kazi yote kisha akamnyima ujira, ni miongoni mwa watatu ambao Allah (s.w.) mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Tajiri wa Binza na afikiri vizuri ni nani anayejitafutia ugomvi naye.

Sasa hao ndama wawili. Wanazuoni wa fiqhi waliozungumzia ijara wamelieleza jambo hili kwa kina: mtu aliyeajiriwa kumtumikia mwajiri mmoja, mali aliyokabidhiwa ni amana mkononi mwake. Ikipotea bila uzembe wala uvukaji mpaka, halipi. Fisi akivamia zizi usiku, au mto ukifurika ghafla na kuchukua mnyama, hiyo ni hasara ya mwenye mali. Kijana akiwa amelala chini ya mti mchana kutwa huku ng'ombe wakitawanyika, hapo pana neno jingine. Lakini uzembe huthibitishwa, hautangazwi tu na yule anayefaidika na tangazo hilo.

Sheria ya nchi inakwenda njia hiyohiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kukata ujira kwa sababu ya hasara mpaka mambo kadhaa yatimie. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri awe amemweleza kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na hesabu yake. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kumeza ujira wa mwaka mzima kwa neno moja la mdomo hakumo humo kabisa.

Wengine husema sheria hiyo ni ya wenye ofisi na viwanda, haimgusi mchunga ng'ombe. Si kweli. Aliyeajiriwa shambani, zizini, dukani au jikoni ni mwajiriwa. Sheria inautambua ujira wa fedha na wa vitu, na makubaliano yaliyo chini ya kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Serikali hayasimami, hata kama kijana aliyaridhia. Kwa hiyo mama asishangae akiambiwa kwamba haki ya mwanawe huenda ikazidi mtamba mmoja.

"Lakini hatukuandikishana." Neno hili limewapotezea watu haki nyingi bure. Ni mwajiri ndiye anayewajibika kumpa mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, saa, ujira na namna unavyokokotolewa. Asipoweza kuyaleta maandishi hayo mbele ya chombo cha sheria, kifungu cha 15 kinamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Hata hivyo, msiende mikono mitupu. Jirani aliyekuwapo siku ya makubaliano ni shahidi. Ujumbe wa simu ni ushahidi, na muamala wa pesa za simu hata wa shilingi elfu tano "ya sabuni" unaonesha kwamba mtu huyu alikuwa akifanya kazi kwa mtu huyu. Andikeni katika daftari tarehe ya kuanza kazi, siku za kuchunga, nani aliwaona ndama mara ya mwisho, na tajiri aliarifiwa lini.

Kisha dai lipelekwe kwa maandishi. Barua fupi yatosha, isiyo na matusi wala vitisho: jina la kijana, tarehe ya kuanza na kumaliza, ujira uliokubaliwa, kwamba haujalipwa, na siku anazopewa tajiri kulipa, mathalani saba. Kijana abaki na nakala. Anayekabidhi awe na shahidi. Kama familia inaona haya kumwandikia tajiri, imamu au mwenyekiti wa kitongoji anaweza kufuatana nao, kwa maana usuluhishi ni bora, na Qur'ani imeusifu.

Ila hapa tuwaonye, na tunaomba wazee watusamehe. Vikao vya usuluhishi havisimamishi kalenda. Mgogoro wa ujira unatakiwa kufikishwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Ikiwa jambo ni kuachishwa kazi isivyo haki, ni siku 30 tu. Tumeona mambo yakiahirishwa "mpaka baada ya mavuno", kisha "mpaka baada ya Ramadhani", na siku zikayeyuka huku tajiri akitabasamu na kuomba dua ya kufunga kikao. Mwenye nia ya kulipa hasumbuliwi na tarehe. Mpeni wiki mbili za suluhu, na baada ya hapo nendeni. Aliyechelewa anaweza kuomba Tume impokee nje ya muda, lakini atatakiwa kueleza sababu za msingi, na "tulikuwa tunaoneana haya" haijulikani itapokewaje.

Mlango wa kwanza ni Afisa Kazi. Huyu ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kuuliza na kukagua, na akiona sheria imevunjwa anaweza kumpa mwajiri amri ya utekelezaji. Mlango wa pili ni Tume yenyewe. Hujazwa fomu namba moja ya Tume, mwajiri hupewa nakala yake, na fomu hupelekwa Tume pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri amepewa. Wanaohofia gharama za wakili na watulie: mtu anaweza kusimama mwenyewe, na chama cha wafanyakazi kinaweza kumwakilisha mwanachama wake. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao kwa kawaida haupaswi kuzidi siku 30. Ukishindikana, jambo huenda kwa mwamuzi, na tuzo yake hutekelezwa kwa nguvu ya Mahakama. Mlalamikaji asipofika siku ya usuluhishi, shauri linaweza kufutwa. Basi nauli ya siku ile itafutwe mapema.

Kituo cha polisi hakikusanyi madeni. Tunalisema hili kwa sababu mbili. Wapo wanaokimbilia huko wakapoteza zile siku 60. Na wapo waajiri wanaokimbilia huko kabla ya mfanyakazi, wakimsingizia wizi siku ileile alipouliza mshahara wake. Binti wa kazi wa nyumbani ndiye anayepatwa zaidi na hili, na hapo inabidi tuache ya tajiri wa ng'ombe, tujitazame wenyewe.

Wangapi kati yetu tuna binti nyumbani ambaye tunasema "tunamwekea" mshahara wake? Mwaka unapita, tumemnunulia magauni mawili na viatu, na siku anayotaka kwenda kwao tunapiga hesabu ya magauni. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi anayelala kwa mwajiri asiye mwanadiplomasia, mfanyabiashara mkubwa wala kiongozi mwenye stahili. Amri hizi huhuishwa, hivyo ulizeni kwa Afisa Kazi ile inayotumika sasa. Kazi ikiisha, sheria inampa binti huyo mshahara wa siku alizofanya, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, cheti cha utumishi, na nauli ya kumrudisha mahali alipochukuliwa. Kumtoa binti Bariadi, kumleta mjini, kisha kumfungulia mlango usiku na mfuko wa plastiki mkononi, hilo halina jina jingine ila dhulma.

Wapo watakaosema: nitamlipaje kibarua wa palizi nami sijalipwa pamba yangu? Udhuru huu una ukweli ndani yake. Watu wa Simiyu hawajausahau msimu wa mwaka 2019, pamba ilipouzwa kwa bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo na wengi wakakaa miezi wakiisubiri fedha yao. Ada za shule zilisimama, na walioahidiwa ujira wa kuvuna nao walisimama. Lakini kibarua hakuingia ubia wa pamba. Aliuza jasho lake kwa bei na siku iliyotajwa. Mwenye shamba aliyekwama amwendee, amweleze, wakubaliane siku nyingine, amtangulizie walau kiasi cha unga. Kujificha ndani na kumtuma mtoto aseme "baba hayupo" kunamfundisha mtoto mambo mawili mabaya kwa pamoja.

Mwajiri bora tunayemjua katika hadithi ni yule mmoja wa watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni, kisa walichokipokea Bukhari na Muslim. Kibarua wake aliondoka bila kuchukua ujira. Yule bwana akauzalisha ujira ule mpaka ukawa mifugo, ng'ombe na kondoo, na kibarua aliporudi baada ya muda mrefu akadhani anafanyiwa mzaha. Alipewa kundi lote, akaliswaga, hakubakiza kitu. Linganisheni na tajiri anayebishania mtamba mmoja.

Hatuwezi kufunga safu hii bila kuwagusa viongozi wa misikiti na madrasa. Ustadhi anayefundisha watoto wetu kwa ahadi ya posho ya kila mwezi, kisha kamati ikamwambia "fanya kwa ajili ya Allah" kila fedha inapokosekana, naye ana dai. Kujitolea ni kwake akitaka. Ahadi ni deni la kamati, na kamati iliyoweza kupaka rangi mnara haikosi njia ya kumlipa mwalimu.

Tumjibu na mama wa Binza jambo moja ambalo hakuliuliza, ila ametaja kwamba tajiri huyo ni mtu mzima na afya yake si nzuri. Ujira usiolipwa ni deni, na Suratun Nisaa imetanguliza deni na wasia kabla ya mgao wa mirathi. Mauti yakimkuta kabla hajalipa, mtamba huyo si mali ya warithi. Kijana aende na mashahidi wake wakati wa kuhesabu madeni ya marehemu, kabla ng'ombe hawajagawanywa, na warithi wanaomtakia mzazi wao kheri wamwite wao wenyewe.

Wabillahi tawfiiq.