Makofi Hayajengi Darasa

Wasee, mnakumbuka 2019 vile tulishangilia Peter Tabichi, mwalimu wetu wa Keriko kule Nakuru, aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani? Dola milioni 1, manze! Sasa, ni wangapi wetu tunajua kwamba 2016 tuzo hiyo hiyo ilienda Palestina?

Mshindi alikuwa Hanan Al Hroub. Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Dheisheh, Bethlehem. Siku moja watoto wake walikumbana na risasi wakitoka shule, na hawakuwa sawa tena. Akaanza kucheza nao nyumbani mpaka wakatulia. Baadaye akaingia darasani na kufundisha vivyo hivyo: michezo kwanza, woga upungue, ndipo hesabu iingie.

Na hakuanza yeye. Mwaka 1988 jeshi la Israel lilifunga shule za Ukingo wa Magharibi kwa miezi mingi. Walimu wakafundisha sebuleni, misikitini, makanisani. Tangu Oktoba 2023 huko Gaza, shule zimepigwa mabomu, zingine zimejaa familia zilizofurushwa makwao. Walimu wakafungua madarasa kwenye mahema, wengine wakiwa wamezika watu wao.

Hapa ndipo nina shida na sisi. Tunaona video ya mwalimu hemani, tunaandika "hawa watu ni wagumu!", tunaweka moyo, tunasonga. Kwani aliomba kuwa mgumu? Alitaka ukuta, dawati na njia salama ya kufika kazini. Tukisifu uvumilivu wake tu, tunamsaidia aliyebomoa shule kujificha nyuma ya sifa zetu.

Najua kuna mtu atasema, "Si hata huku kuna watoto wanasomea chini ya mti?" Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini aliyewahi kunyeshewa darasani ndiye anafaa kuelewa haraka zaidi.

Kwa hivyo tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, ukiposti picha ya mwalimu wako, mkumbuke na yule wa Gaza. Muite shujaa, sawa. Halafu ongeza sentensi moja: sema ni nani aliyemvunjia darasa, na udai lijengwe tena.