Rafiki wa Bi Harusi Si wa Siku ya Sare Tu



Sisi ni washonaji. Kiduka chetu kipo Mtumba, Dodoma, jirani na Mji wa Serikali, na wateja wetu wengi ni akina mama wa maofisini na mabibi harusi. (Mtumba ni jina la mahali, si nguo za mtumba. Nyumbani Unguja bado wanatucheka kila tukipiga simu.) Katika kazi hii tumeona jambo linalotusumbua, na leo tunalisema.

Bi harusi anakuja na orodha ya sare. Rafiki kumi na wawili, rangi moja, kitambaa kimoja, kila mmoja apimwe. Tunashona mpaka usiku mkubwa, na alhamdulillah ndiyo riziki yetu. Mwaka haujaisha, bi harusi huyo anarudi kutanua gauni kwa sababu tumbo limekua. Tunamuuliza habari za wale kumi na wawili, anacheka. Wawili wanatumiana salamu za Ijumaa kwenye simu. Waliobaki hajui hata wamehamia wapi. Sare zipo makabatini, rafiki hawapo.

Rai yetu ni hii: mwanamke akiolewa abaki na siku, hata moja kwa mwezi, ya kukaa na rafiki zake wa zamani, na mume aijue siku hiyo tangu kabla ya nikaha. Isiwe fadhila ya kuombwa kila mara kwa uso wa huruma. Iwe siku inayojulikana ndani ya nyumba, kama inavyojulikana siku ya mume kwenda kutazama mpira na wenzake.

Huenda ukiwa Unguja au Pemba huoni uzito wa maneno haya. Mama yupo mtaa wa pili, shangazi yupo, somo wako anakuja bila hodi. Lakini wangapi wanaolewa leo na kubaki mtaa ule ule? Uamuzi wa kuleta makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, ila watumishi wengi walianza kufunga mizigo baada ya tangazo la Julai 2016, na Mji wa Serikali hapa Mtumba ukazinduliwa Aprili 2019. Wanawake wengi wamekuja na misafara hiyo, wengine kwa ajira zao, wengine wakiwafuata waume. Unafika, nyumba mpya, vumbi na upepo, na katika mtaa mzima hakuna anayejua ulikuwa mtoto wa nani.

Sisi tulibahatika. Wawili tuko hapa dukani, na wenzetu watatu wa skuli moja tukakutana nao tena Dodoma mmoja mmoja, kila mmoja kaletwa na lake. Tukapanga Jumapili moja ya kila mwezi, maana Jumapili ofisi zimefungwa na Mtumba inakuwa kimya, hata cherehani ukiizima hupotezi mteja. Tunapanda daladala asubuhi mpaka mjini, kilomita kama 17. Hatuendi hotelini. Kila mmoja anabeba kitu: sambusa, mkate wa ufuta, chupa ya chai ya tangawizi, dagaa wa kukaanga kama kuna aliyeletewa kutoka nyumbani. Msimu wa zabibu tunanunua kwa wanaotembeza vikapu barabarani, na bahati njema Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tunapita sokoni Majengo, tunatafuta kivuli karibu na Nyerere Square, na Adhuhuri tunaswali jamaa Msikiti wa Gaddafi. Kisha tunakaa tu. Watu wanauliza mnafanya nini siku nzima. Tunakaa! Tunacheka mambo ya mwalimu wetu wa hesabu. Mmoja husinzia kwa kuwa wiki nzima mtoto hakumpa usingizi, na hakuna anayemwamsha.

Anayeona huo ni upuuzi asikie na hili. Mwenzetu mmoja alijifungua hapa, mama yake yupo Pemba na miguu inamsumbua. Hata sasa, treni ya umeme ikiwa imeanza kufika Dodoma tangu Julai 2024, mama mtu mzima kutoka Pemba lazima kwanza avuke bahari mpaka Dar es Salaam ndipo aifuate hiyo treni. Hakuweza. Basi nani alimkanda mzazi yule? Sisi. Tulipeana zamu, mmoja maji ya moto, mmoja uji wa pilipili manga, mmoja kufua, na aliyekuwa kazini mchana alilala naye usiku. Majirani zake ni watu wema sana, walileta chakula. Lakini jirani wa miezi mitatu humwiti chumbani akuangalie mshono. Wala humwambii kwamba mwanao analia na wewe unalia na hujui kwa nini. Maneno hayo tuliambiwa sisi, siku ya kumi na moja, na tukajua ni wakati wa kumpeleka hospitali. Alipelekwa mapema, akapona. Aliweza kutuambia kwa sababu ya zile Jumapili za kukaa tu.

Wapo waume wanaosema rafiki wa usichana waishie usichanani. Sisi tunawaomba wakumbuke aliyoyasimulia Bibi Aisha (r.a.), na yamo katika Sahihi Bukhari: Mtume (s.a.w.) alikuwa akichinja kondoo, akakata vipande na kuwapelekea rafiki zake Bibi Khadija (r.a.), naye Bibi Khadija ameshatangulia mbele ya haki. Mke hayupo tena duniani, na mume bado anawajua rafiki zake, anazijua nyumba zao, na nyama inawafikia. Je, mume ambaye mkewe yu hai naye hajui jina la rafiki yake hata mmoja, amemfuata nani katika hilo?

Hoja yao ya pili ina ukweli ndani yake. Wanasema wanawake wakikaa ni kusengenya. Ndiyo, vikao vya namna hiyo vipo, na Sura ya Hujurat imetuambia wazi kuwa kumsengenya mtu ni kama kula nyama yake amekufa. Kwa hiyo sisi tuna sharti: ya chumbani na ya mfuko wa mume hayafiki mkekani. Mwenye shida ya kweli, anayepigwa au kunyimwa haki, huyo tunamsikiliza pembeni na tunamsindikiza kwa anayeweza kumsaidia. Huko si kusengenya. Ila kikao kinachotia ufa nyumba ya mtu, tunamwambia bi harusi bila haya, hicho kiache. Tunamtetea rafiki anayejua ulivyokuwa kabla hujawa mke wa fulani na bado anakuombea dua.

Bi harusi, kabla ya kuja kupima sare, kaa na mchumba wako mbele ya walii wako umwambie habari ya siku hii. Mtajie majina ya hao rafiki, na akitaka kuwajua wazee wao, ajue. Halafu punguza sare. Kumi na mbili zikiwa nne sisi tutapungukiwa na kazi, wala hatuoni tabu kulisema. Hao wanne nauli yao ya mwaka mzima itatoka kwenye kitambaa ulichokiacha.

Mwezi huu Jumapili yetu ni ya tatu. Chai ni zamu ya mwenzetu wa Nzuguni. Tumemwalika na bi harusi mmoja tuliyemshonea mwezi uliopita, mgeni kabisa Dodoma, katokea Makunduchi. Amesema atamuuliza bwana. Mpaka tunaandika haya hajatujibu, na nafasi yake mkekani tumemwekea.