Mpira Hauyawezi Mafuta ya Karafuu



Huenda wengine wakauliza: habari za Mwanza zatuhusu nini sisi wa karafuu? Watu wa ziwani hushughulika na sangara, pamba na dhahabu. Lakini mwaka 2021 kilifunguliwa Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu, na katika kazi ya namna hiyo mna jambo la kutufaa.

Wasafishaji wa dhahabu duniani hutumia sana mchanganyiko wa asidi ya naitriki na asidi ya haidrokloriki. Mchanganyiko huo huyeyusha dhahabu yenyewe, seuze chuma na mpira. Ipo plastiki moja nyeupe, yenye utelezi kama nta, ambayo haudhuriki nao mwili wake. Ndiyo iitwayo Teflon, aliyoigundua kwa bahati Roy Plunkett wa Marekani mwaka 1938. Yastahimili joto la digri 260 za sentigredi. Sodiamu iliyoyeyuka huila, na gesi ya florini pia, lakini nani ana vitu hivyo shambani? Wengi wetu tumekwisha kuiona: ni ule utepe mweupe ambao fundi bomba huuzungusha kwenye meno ya bomba.

Sasa tutazame mitambo yetu ya kupika majani kwa mvuke. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni yujenoli, nayo ni kali kwa mpira. Gasketi ya mpira huvimba, hulainika, mwisho hulegea. Mvuke ukatoka, na mafuta yakapotelea hewani pamoja nao. Wanaosema gasketi ya mpira ni rahisi wayahesabu na mafuta hayo.

Maoni yangu ni kuwa chama kinunue kwa jumla karatasi nene za plastiki hii, mafundi wakate gasketi, na kila mwenye mtambo auziwe bila ya faida. Sisemi tutengeneze matangi mazima; hiyo ni kutupa fedha, kwani chuma kisichoshika kutu chatosha.

Ila plastiki hii ina ila zake. Ikibanwa hutambaa polepole na kiungo hulegea. Kwa hiyo boliti zikazwe tena baada ya mpiko wa kwanza, mtambo ukisha kupoa. Na vipande vilivyobaki visitiwe motoni kabisa, hata kwa kuwashia kuni: moshi wake ni sumu.

Naomba jambo hili liletwe mbele ya mkutano ujao wa wanachama, kabla mitambo haijawashwa.