Akili ni Nywele, Usaili ni Kofia

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi niliwahi kukaa upande wa wanaosaili, pale Korogwe, na leo nataka kusema wazi: siku ile hatukuangalia nywele za mtu. Tuliangalia kofia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza stoo katika taasisi moja binafsi. Kupokea magunia ya mahindi na maharage, kuandika leja, kutoa kwa kipimo, kufunga mlango. Niliombwa niwe mmoja wa watu watatu kwenye jopo kwa sababu eti ni mtu wa vitabu. Wakaja wasailiwa saba. Mmoja alikuwa binti kutoka Handeni, kapanda basi la alfajiri, viatu vina vumbi. Katika barua yake alieleza kwamba ametunza hesabu za ghala la mfanyabiashara wa mahindi kwa miaka minne.

Swali la kwanza: jieleze, kwa Kiingereza. Akaanza, akakwama, akaanza tena. Mwenzangu mmoja akamuuliza kwao ni wapi hasa. Alipotaja Handeni, mwenzangu akaangua kicheko: "Ehee, Handeni! Sasa tukikunyima kazi hutaturoga kweli?" Sote tukacheka. Naye akacheka, maana angefanya nini? Unapoomba kazi na mkubwa akacheka, nawe unacheka. Kuanzia hapo sauti yake ikashuka, na penye kisanduku cha "kujiamini" nikampa mbili kwa kumi. Mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu.

Dakika kumi zikaisha. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja la stoo. Gunia likifika limelowa unafanyaje? Leja inasema 40, sakafuni yapo 38, unaanzia wapi? Kazi akapewa kijana mmoja aliyetiririka Kiingereza. Najua mnangoja niseme kijana yule aliharibu. Hapana, anafanya kazi yake vizuri tu. Sisemi tulimchagua mjinga. Nasema tulichagua bila kupima, kisha tukatangaza kwamba ameshinda kwa uwezo.

Sisi wasomaji tuna kitabu cha jambo hili. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Nchi ile ni ya dhuluma, wajumbe wake wema wamefungwa. Lakini hata huko mshitakiwa anapewa nafasi ya kusema. Anaeleza habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, kwa lugha anayoimudu, mpaka mfalme anaelewa na kubadili uamuzi. Binti wa Handeni hakushitakiwa kwa lolote, na bado alipata nafasi ndogo kuliko Karama. Jamani, Kusadikika imetushinda kwa haki!

Mtu atasema: lakini usaili ni dawa ya kujuana. Nakubali, tena kwa moyo wote. Sote tunakijua kimemo, tunamjua mjomba wa ofisini. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapowafanyisha waombaji mtihani wa kuandika kabla ya kuwaona ana kwa ana, hiyo ni hatua ya maana, maana karatasi haina lafudhi wala viatu. Ila dawa ikizidi kipimo huwa sumu nyingine. Kujuana kwa ukoo kumetoka mlangoni, kujuana kwa lafudhi kumeingia dirishani. Tunampenda anayezungumza kama sisi, halafu tunaliita pendo hilo "uwezo".

Na hili la kupima akili lina historia yake. Mwaka 1905, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga kipimo huko Ufaransa ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Kilikuwa cha kumsaidia mtoto. Waliofuata wakakigeuza rungu la kuwapanga watu nani juu, nani chini. Mwaka 1958 Mwingereza Michael Young akaandika kitabu kuhusu utawala wa wenye vipaji na juhudi. Alikiandika kwa kejeli, kama onyo: watakaoshinda wataamini wamestahili kila kitu, na walioshindwa wataaminishwa kwamba wamestahili kushindwa. Dunia ikalichukua neno lake kama sifa. Ndicho tulichomfanyia yule binti. Alirudi kwao anaamini hajiamini.

Tusidhani mambo haya yanaishia ofisini. Nenda stendi ya Korogwe basi linaposimama. Kijana wa machungwa anawahudumia abiria watano kupitia madirisha matano. Huyu katoa elfu kumi, yule elfu mbili, mwingine anataka nusu ya fungu, na basi limeshaanza kuondoka. Anakimbia huku anahesabu chenji kichwani, na haikosei. Juu ya kiti, abiria mwenye digrii anamwita "we mshamba, fanya haraka!" Siku kijana huyo akiomba ukeshia, ataambiwa hana uzoefu.

Mwingine atanijibu kwamba lugha nayo ni sehemu ya kazi. Kwa mpokea wageni wa hoteli ya watalii, sawa, mpime Kiingereza. Lakini magunia ya Korogwe yanahesabiwa kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Mtu anaweza kujitetea asifungwe kwa Kiswahili, ila asiweze kujitetea aajiriwe? Na ule utani wa kurogwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa kabila na kwa mahali mtu anakotoka, na katazo hilo linagusa hata hatua ya kuomba kazi. Utani wa makabila ni mali yetu, naupenda, lakini unataka watani wawili walio sawa. Mwenye kalamu ya alama hana mtani mezani.

Kwa hiyo tufanyeje? Hakuna jipya la kubuni. Muulize mtu kazi atakayoifanya, tena ikiwezekana umwone akiifanya: mpe leja yenye kosa, mpeleke stoo ahesabu. Waulize wote maswali yale yale, kwa lugha ya kazi yenyewe. Kila mjumbe aandike alama zake kabla ya mazungumzo, ili kicheko cha mmoja kisiwe uamuzi wa watatu. Na kisanduku cha "kujiamini" kifutwe, au aliyekiweka aeleze kinapima nini.

Namalizia kwetu, watu wa vitabu, kwa kuwa nilikaa pale kwa heshima ya vitabu. Sisi ndio wepesi wa kumcheka mtu aliyekosea "l" na "r", wepesi wa kudhani aliyekwama kwenye sentensi amekwama kwenye fikra. Shaaban Robert mwenyewe alianza ukarani wa forodha mwaka 1926 chini ya wakoloni, na wala hatungoji wasifu wake wa kazi utuambie alikuwa na akili kiasi gani. Miaka minne ya leja za ghala ilikuwa mezani kwangu, imeandikwa kwa mwandiko safi. Mimi msomaji sikuisoma.