Kutoka Meza ya Karani: Diski ipi, Mwalimu?

Jumanne ya juma lililopita mama mmoja mwenye stoo ya mpunga hapa Kagongwa alibisha hodi ofisini, kompyuta yake ameitia ndani ya mfuko wa mchele. "Mwangaluka, Mwalimu," akasema. (Mimi ni karani tu, lakini nilisomea ualimu, na jina hilo halinitoki.) Ndani ya kompyuta ile mna hesabu ya magunia ya watu: nani ameweka mangapi, nani amekwisha kuchukua, nani anadaiwa fedha ya kukoboa. Nayo imeanza kulia ka-ka-ka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Fundi wa Kahama alimwonyesha vitu viwili vya bei moja: diski ngumu ya mbio, yenye nafasi kubwa, na SSD yenye nafasi ndogo. Fedha anayo ya kimoja tu. Achukue kipi?

Wazee wataelewa upesi nikisema kwamba diski ngumu ni binamu wa santuri. Ndani mna sahani inayozunguka na mkono unaosoma. Lakini sindano ya gramafoni huigusa santuri, na kichwa cha mkono huu hakigusi kitu. Huelea juu ya sahani kwa nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele mara elfu nyingi. Siku kikigusa, hukwaruza, na maandishi ya mahali pale hupotea.

Sahani za kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Watu wakataka mbio zaidi. Mwaka 2000 Seagate walitoa ya mara 15,000 kwa ajili ya mashini kubwa za maofisi. Mbio hizo zikaleta joto na kelele, na hata hivyo sharti mkono ungoje sahani izunguke. SSD haina cha kungoja. Huandika kwa chaji za umeme katika vijumba vidogo mno, ufundi ulioanzishwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, miaka ya 1980. Diski ngumu hutafuta kitu kwa kama sehemu 10 za elfu ya sekunde. SSD haifiki hata sehemu moja.

Nikamwambia achukue SSD, wala si kwa mbio peke yake. Kompyuta yake hukaa karibu na mashine ya kukoboa, na meza hutetemeka kutwa. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilipanda bodaboda na kompyuta ya ofisi bila kuizima, njia yote mashimo. Orodha ya watoto wa mafundisho ikapotea. Niliiandika upya kutoka vitabuni kwa majuma matatu. Kosa lilikuwa langu.

Lakini SSD nayo ina lake. Diski ya kuzunguka mara nyingi huugua kwanza, kama hii iliyolia. SSD huweza kufa ghafula, bila hodi. Tena ukiifungia kabatini miaka mingi pasipo umeme, chaji zaweza kupungua na maandishi yakaharibika. Kwa hiyo nakala ya kuweka akiba mimi naitia bado katika diski ya kuzunguka, maana nafasi yake ni kubwa kwa fedha kidogo. Nayo hulala nyumba nyingine, si pamoja na kompyuta.

Mama akataka kuiwasha ile yake anionyeshe jinsi inavyolia. Nikamzuia. Diski iliyokwisha kukwaruzwa, kila ukiizungusha waweza kuongeza jeraha. Aende nayo kwa fundi vilevile, hesabu zihamishwe kwanza.

Alikwenda. Fundi aliokoa zote ila za siku nne za mwisho. Hizo mama anazikusanya sasa kwa stakabadhi za wakulima, akiziandika katika daftari. Mpaka jana yalibaki magunia 6 ambayo hayajajulikana ni ya nani.